Njiani Wapi?

Kuna sentensi ambayo karibu kila kijana wa Nairobi ameisema akiwa amevaa taulo. Sentensi yenyewe ni "niko njiani." Maji yanamtiririka mgongoni, simu ameishika kwa vidole viwili isilowe, shati la kutoka bado liko kwa kamba, na mtu anasema bila kupepesa jicho kwamba yuko njiani. Anayeambiwa naye hababaiki. Anajua kwamba "niko njiani" maana yake ni "nimeamka." "Ndio natoka" maana yake ni kwamba soksi ya pili haijapatikana. "Niko kwa mat" ni kwamba yuko steji na gari lina abiria wanne. "Nimefika tao" ni Pangani, na jam haisongi. Halafu kuna "nakuona." Hiyo haina maana yoyote. Ni ya kukufanya usiondoke.

Basi yule aliyefika Archives saa nane kamili, kama mlivyokubaliana, anaanza kazi. Kungoja mtu tao ni kazi, usidharau. Ukisimama mahali pamoja dakika ishirini unaanza kuonekana kama mtu anayepanga kitu. Mhubiri wa barabarani anakukazia macho kama roho aliyotumwa kuiokoa. Muuza soksi amepita mara tatu na sasa anakusalimia kama jirani. Unatoa simu, unaiangalia kwa uso wa mtu mwenye shughuli, unairudisha mfukoni ukishikilia zipu. Mwishowe unaingia mkahawani kujificha. Mhudumu anakuja, unamwambia "nangoja mtu." Anarudi, unamwambia tena "nangoja mtu," safari hii kwa sauti ya chini. Akija mara ya tatu unaagiza maji, na maji yenyewe yanauzwa bei ya chapo tatu.

Tunacheka, na kweli inachekesha. Lakini ukiondoa kicheko linabaki swali la maadili ambalo si jepesi: je, "niko njiani" ni uongo? Na kama si uongo, mbona kuna siku inauma?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni wazi wahenga hawakuwa na Thika Road. Njia ya mwongo wetu ni ndefu, ina steji nyingi, na kila steji ina sentensi yake.

Wanafalsafa nao walikuwa wakali zaidi ya wahenga. Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo karibu mwaka 395. Aliugawa katika aina nane, kuanzia ule mbaya kabisa hadi ule usiomdhuru yeyote na unaomsaidia mtu, kisha akasema hata huo wa mwisho hauruhusiwi. Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1797, alifika mbali zaidi. Aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumwambia uongo. Sasa kama muuaji hadanganywi, rafiki yako aliyesimama Archives na jua la mchana utosini atadanganywaje? Lakini Kant alikuwa na faida moja. Inasimuliwa kwamba alikuwa mtu wa saa kiasi kwamba majirani zake wa Königsberg walirekebisha saa zao wakimwona akipita kwenye matembezi yake ya kila siku. Mtu wa aina hiyo hajui maisha ya upande wa pili wa simu.

Upande huo wa pili una utetezi wake, na si mbaya. Uongo unahitaji watu wawili: anayedanganya na anayedanganyika. Hapa anayedanganyika hayupo. Wote wawili wanajua taulo iko wapi.

Kiswahili chenyewe kimetulea hivyo. Unaulizwa hujambo, yaani huna jambo? Unajibu sijambo, ilhali una mambo hadi yanakutoka masikioni: kodi ni ya tarehe 5, gesi imeisha jana ugali ukiwa nusu, na mtu wako amesoma ujumbe wako tangu juzi bila kujibu. Hata kwenye matanga watu huulizana habari na kujibizana nzuri, kisha ndipo msiba utajwe. Hakuna anayesema waombolezaji ni waongo. Maneno hayo kazi yake ni kufungua mlango ili watu waingie, na mtu akiyapima kama taarifa ya habari atakuwa ameyaonea.

Ukiichukua "niko njiani" kama taarifa ya mahali, ni uongo wa mchana. Ukiichukua kama salamu, inasema: sijakusahau, miadi yetu iko pale pale, usiende. Na hapo ni kweli tupu. Isitoshe, njia inaanzia wapi, kwani? Mlangoni? Steji? Mtu aliyeingia bafuni kwa ajili yako, asubuhi ya baridi, maji ya moto hakuna, si tayari ameanza safari? Wakili mzuri angeshinda kesi hii kabla ya lunchi.

Wengine huongeza utetezi wa pili, ule wa "African time." Wale waliopita darasa la falsafa humtaja hata John Mbiti, msomi wetu kutoka Kitui. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi Waafrika wa jadi walivyouelewa wakati. Kwa maoni yake, wakati ni matukio, na kwa kuwa ya mbali huko mbele hayajatokea, wakati ujao wa mbali karibu haupo. Wengi walimpinga. Mghana Kwame Gyekye, kwa mfano, alionyesha kwamba Waakan wanazo fikra za kutosha kuhusu siku zijazo. Mjadala huo ni mzito na unastahili heshima. Mbiti hakuandika kitabu ili mtu achelewe nyama choma.

Na utetezi huo unaanguka ukiugusa kidogo tu. Yule yule wa "niko njiani," akiitwa intavyu ya saa tatu, saa mbili kasorobo yuko getini akimwamkia askari. Akiwa na miadi ya viza, hata usingizi haupati. Desemba akisafiri ushago, yuko kituo cha basi alfajiri na mifuko yake yote. African time hupotelea wapi siku hizo? Ukweli ni kwamba kuchelewa kwetu kuna mwelekeo, kama maji. Kunateremka. Kwa walio juu yetu tunawahi, kwa wenzetu tunachelewa, na walio chini yetu tunawangojesha hadi wasahau walichokuja kuomba. Hiyo haina uhusiano na dhana ya wakati. Ina uhusiano na nani anaogopwa.

Lakini hebu tusikimbilie kuhukumu, maana mara nyingi nyuma ya "niko njiani" kuna kitu ambacho ni kigumu kutamka: nauli. Nauli ya Nairobi ina tabia ya hali ya hewa. Tone la kwanza likianguka, ya 50 inaweza kuwa 100 kabla hujafungua mwavuli. Asubuhi ni bei nyingine, jioni nyingine. Kuna vijana wengi ambao hawajachelewa, wanangoja saa za watu wengi zipite bei ishuke. Kuna wanaongoja rafiki arudishe 200. Kuna waliokwisha kufuliza, na kila shilingi ikiingia M-Pesa inamezwa kabla hawajaiona. Mtu wa namna hiyo angeweza kusema "sina fare, nipe saa moja." Maneno matano tu. Lakini kuna mtu unayempenda anayekungoja, mmekutana mara mbili tu, na maneno hayo matano ni mazito kuliko gunia la viazi. Anasema yuko njiani. Anasema hivyo akiwa ameketi kitandani, amejipaka mafuta, viatu vimepigwa rangi, tayari kabisa kwenda na hana cha kumfikisha.

Huyo ukimwita mwongo, sawa, lakini mimi siwezi.

Siku hizi hata hiyo pazia ndogo inatolewa. WhatsApp ilileta zile tiki mbili za bluu Novemba 2014, na kuanzia hapo "sikuona meseji yako" ikafa kifo cha ghafla. Oktoba 2017 ikaja na uwezo wa kumtumia mtu mahali ulipo, ramani ikikufuata hatua kwa hatua. Sasa ukisema uko njiani unaweza kujibiwa "tuma lokesheni." Ni maneno mawili na yanatoa jasho. Wapo waliozima tiki za bluu, wapo wanaosoma meseji kwa kuchungulia juu ya kioo bila kuifungua, wapo wanaosema bando imeisha kwa kutumia bando hiyo hiyo. Ukimdai rafiki ramani umepata ukweli, ndiyo, ila umemfanya parseli iliyo kwa boda. Ndiyo maana ombi hilo, hata likija na emoji ya kucheka, huacha kaubaridi fulani.

Rafiki wa kweli hahitaji ramani kwa sababu ana kitu bora. Ana swali. Unamwambia niko njiani, anakuuliza: "Njiani wapi?" Unanyamaza kidogo. Anasema, "Njiani kutoka bafuni kwenda jikoni?" Mnacheka wote wawili, unasema ukweli, naye anaamua mwenyewe kama atangoja, ataenda kununua viatu Gikomba, au atarudi kwake. Swali hilo ndilo linalofanya mchezo uwe wa haki. Anayengoja anaujua uongo, anaweza kuutaja kwa sauti, na anaweza kuondoka. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo. "Niko njiani" haina madhara iwapo anayeambiwa ana uwezo wa kuuliza "njiani wapi?" bila kuogopa chochote.

Chukua kipimo hicho upeleke mahali pengine uone.

Ukiandika kwa kujitegemea, kama ninavyofanya, utakutana na sentensi hii ikiwa imevaa suti. Umepeleka kazi kwa wakati, imesifiwa, umetuma invoisi. Wiki ya tatu unaandika barua pepe ya upole, umeifuta mara nne ili isisikike kama ya mtu mwenye njaa. Jibu linakuja: malipo yako njiani. Wiki ya sita: watu wa hesabu wanashughulikia, yako njiani. Ni maneno yale yale ya taulo. Hata usoni yanafanana. Lakini huwezi kucheka nayo. Unajua pesa hiyo haijaondoka popote, haijaoga wala haijatafuta soksi, ila huwezi kuuliza "njiani wapi?" kwa sababu unataka kazi nyingine mwezi ujao. Unachoandika ni "Sawa kabisa, asante sana kwa kunijulisha!" na alama ya mshangao unaiweka mwenyewe, kwa mkono wako.

Anayesema hapo hahitaji hata kukudanganya. Anajua kwamba unajua. Tofauti ni kwamba kungoja kwako hakumgharimu kitu, na wewe kunakugharimu riba ya Fuliza, heshima ya mwenye nyumba, na wiki mbili za kukwepa simu za watu unaowapenda. Uongo huu umeacha kuwa salamu. Umekuwa mkopo uliochukuliwa kwako bila idhini yako, na usio na tarehe ya kurudishwa.

Ila kipimo kizuri hakichagui wa kumpima, kwa hivyo tujipime na sisi. Yule mama wa kibanda anayekupa chapo madondo, unamwambia "nakutumia saa hii, network inasumbua." Anacheka, anasema "haya mwanangu." Je, anaweza kukuuliza network gani? Anaweza, lakini akiuliza sana utahamia kibanda cha pili, na hilo mnalijua wote wawili. Saa kumi alfajiri yeye atakuwa sokoni akinunua unga kwa pesa taslimu, na muuzaji wa unga hapokei "niko njiani." Hapo sisi ndio watu wa hesabu. Mtu anaweza kuwa mnyonge wa mteja wake asubuhi na bwana mkubwa wa mama wa kibanda jioni, na asitambue kwamba amebadilisha kiti.

Vivyo hivyo na mchezo wa kula fare, ambao umetupa vichekesho vingi mtandaoni. Mtu ametumiwa nauli, akasema yuko njiani, kisha simu ikawa ya mteja asiyepatikana. Aliyetuma amesimama na maua yake kama mtu wa kura za maoni. Tunamcheka kwa sababu aliamini. Lakini yeye ndiye pekee katika hadithi hizi zote aliyedanganyika kweli, na kumcheka aliyeamini ni tabia ambayo mji hujifundisha taratibu hadi siku moja hakuna anayeamini chochote.

Sasa uwongo mgumu kuliko yote, wa maisha yenyewe. Miaka ya ishirini ni umri wa kuulizwa umefika wapi. Unamaliza lini? Unafanya kazi wapi siku hizi? Utatuletea mtu lini? Kila mmoja wetu ana "niko njiani" yake ya kujibu hayo. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda. Mjomba akiniuliza kwenye harusi "unamaliza lini?" namwambia "naendelea, mjomba," naye anaridhika na kurudi kwa pilau yake. Sioni dhambi hapo. Kungoja kwa mjomba hakumli chochote. Swali lake lilikuwa salamu na amepewa salamu.

Kwa mama ilikuwa tofauti. Yeye alikuwa akiuza mitumba, na kila muhula alikuwa akiweka kando kitu, mia mbili leo, mia tatu kesho, katika mkebe wa kakao. Kila wiki ambayo ningemwambia "naendelea" ingekuwa wiki ya yeye kusimama juani kwa ajili ya safari ambayo haikuwepo tena. Nilimwambia wiki ile ile. Sikufanya hivyo kwa ushujaa wowote, hesabu tu ilikuwa wazi. Alinyamaza, akauliza kama nimekula, na siku kadhaa hakutaka mazungumzo marefu. Baadaye nikaja kusikia kwamba majirani wakimuuliza, huwajibu, "Yuko Nairobi, anaendelea vizuri." Yeye naye ana wajomba wake wa kuwapa salamu.

Wahenga wale wale wa njia fupi walisema pia ahadi ni deni. Tukiunganisha methali hizo mbili tunapata jibu lililo karibu na maisha yetu kuliko la Augustino na Kant. Wao walitaka ukweli uwe deni kwa kila mtu, saa zote, hata kwa muuaji. Mimi naona deni lina mwenyewe. Mwenyewe ni yule ambaye kungoja kwake kunalipwa na mfuko wake, miguu yake au miaka yake. Huyo mpe ukweli mapema, hata ukiwa mchungu, hata ukiwa "sina fare." Wengine wape salamu, na salamu njema haijawahi kumuua mtu.

Ndiyo, itakuwa aibu. Mara ya kwanza ukimwandikia mtu unayempenda "sijatoka, pesa ya gari sina, usiningoje kwa jua," utaiangalia meseji hiyo dakika kumi kabla ya kuituma, na tiki zikigeuka bluu utaiweka simu chini ya mto. Huenda asijibu. Huenda akajibu, "Basi nije huko, kuna chai?" Kama yuko hivyo, weka maji motoni. Na kama hukuwa na gesi, mwambie hilo pia, aje na mandazi.

Na wewe wa idara ya hesabu, kama umesoma hadi hapa, nina swali moja tu, na naliuliza kwa heshima zote: njiani wapi?